Jezi ya nani baada ya Lusail: Marc, Pecco au Viñales?

Mdigo_Doha
Wakuu, habari zenu. Jumapili tarehe 13 Aprili 2025 nilipata ruhusa kazini nikaenda Lusail, hapa Qatar, kuangalia MotoGP, mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuziona zile pikipiki kwa macho, nilikaa jukwaa la njia iliyonyooka ya kuanzia. Zilipoondoka mlio ulinipiga kifuani, jirani yangu ananiambia kitu sikisikii.

Sasa nataka kumnunulia mdogo wangu jezi nimpelekee nikienda likizo. Nimebaki na tatu: Marc Márquez (93), Pecco Bagnaia (63) au Maverick Viñales (12). Nataka jezi ya aliyeendesha vizuri kuliko wote siku ile, sitaki ya jina tu. Pale uwanjani unaona kipande, wakishapita unasubiri warudi. Nyie mliotazama kwenye runinga, nani alistahili? Dukani naenda Alhamisi.

Kona16
Mkuu, hapa hakuna mjadala. Marc alianza wa kwanza, na kona ya kwanza tu mdogo wake Alex akamgonga kwa nyuma, kipande cha bawa la nyuma kikang'oka. Akaendesha mizunguko yote 22 hivyo hivyo na akashinda. Jumamosi alishazibeba mbio fupi. Na kumbuka Lusail haujawahi kuwa uwanja wake, mara ya mwisho kushinda pale kwenye MotoGP ilikuwa 2014. Chukua 93.

BintiPangani
Kaka Mdigo, usikubali kuburuzwa. Pecco alianza nafasi ya 11 akamaliza wa pili. Wa kumi na moja! Rudia kuangalia mizunguko ya mwanzo, uone anavyoingia ndani ya watu mmoja mmoja bila kumgusa mtu, breki anashika pale wenzake wameshaachia gesi zamani. Marc alikuwa na njia nyeupe mbele yake. Ukitaka uendeshaji, ni 63.

Kona16
Dada, hiyo nafasi ya 11 nani alimpa? Alianguka mwenyewe kwenye kufuzu. Jumamosi akamaliza wa nane. Na "wa pili" wenyewe umetoka ofisini, barabarani alivuka mstari wa tatu.

FundiMajengo
Afadhali umesema, Kona. Mnagombania wawili wa timu moja, Ducati, jezi zote nyekundu, mtu aliyeendesha mbio za usiku ule mmemweka pembeni.

Viñales yuko na pikipiki ya KTM, timu ya Tech3. Mwanzo wa msimu ule hakuna aliyeitarajia KTM kukaribia mbele, halafu Lusail anampita Pecco, anampita Morbidelli, Marc anapotanuka kidogo kwenye kona jamaa anaingia anaongoza. Anaongoza kweli, siyo mzunguko mmoja wa bahati. Marc ilibidi afanye kazi kumrudisha nyuma. Akavuka mstari wa pili, akashangilia, baadaye wakamwongezea sekunde 16 kwa presha ya tairi la mbele, akashuka hadi wa 14. Kwangu mimi ndiye dereva wa siku.

Mdigo_Doha
Fundi, hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nimetoka uwanjani najua Viñales wa pili, nafika nyumbani naambiwa wa 14. Hiyo presha ikoje?

FundiMajengo
Tairi la mbele la Michelin lina kiwango cha chini kilichowekwa, bar 1.8. Kwenye mbio kubwa za Jumapili lazima uwe juu ya hapo kwa angalau asilimia 60 ya mizunguko. Ukishindwa, sekunde 16. Mbio fupi za Jumamosi ni asilimia 30, adhabu sekunde 8.

Sasa tairi linajazwa likiwa halijapata joto la mbio, na fundi lazima akisie. Dereva akiwa nyuma ya wenzake anapigwa na hewa ya moto ya injini zao, tairi linapata joto, presha inapanda. Ikipanda sana tairi linakuwa gumu, mbele panateleza, huingii kona. Kwa hiyo ukitarajia dereva wako atakaa katikati ya kundi, unajaza kidogo. Ukimjazia kidogo halafu akatokea mbele, anapigwa na hewa baridi, presha inashuka. Ndicho kilichomkuta Viñales. Ameadhibiwa kwa kwenda kasi kuliko timu yake ilivyotegemea. Nimekuwa na spana mkononi miaka mingi na sheria hii inaniuma.

Kona16
Sheria ni ya wote. Marc kule Buriram, Thailand, mwezi wa tatu, alikuwa anaongoza, akaona presha inashuka, akampisha Alex kwa makusudi apite. Akakaa nyuma yake tairi lipate moto, mizunguko ikibaki michache akampita na kushinda. Hiyo nayo ni akili ya dereva, Viñales angeweza kufanya hivyo.

FundiMajengo
Marc alikuwa na mwendo wa ziada wa kuchezea siku ile. Viñales nyuma yake kuna Pecco. Ampishe nani amrudie lini?

Likoni_Ferry
Jamani, kabla hatujamwagiana petroli. Mdigo, hujatuambia chochote. Huyo mdogo wako ana miaka mingapi? Anavaa saizi gani? Bajeti yako ni riyali ngapi? Anashabikia nani? Anaendesha pikipiki yeye mwenyewe au anatazama tu? Na hilo duka ni la waandaaji wa mbio au la mtaani? Mtu anauliza jezi kama anauliza maji.

Na nauliza kwa sababu. Niliagiza helmeti yenye michoro ya Marc kwa muuzaji wa mtandaoni, simtaji. Kwenye picha ilikuwa safi, yule mdudu wa nembo yake, chungu mwekundu, amekaa vizuri. Boksi likafika, kufungua tu harufu ya gundi ikanipanda puani. Nikasema itaisha. Jua la Mombasa likafanya kazi yake, chungu akaanza kubanduka mguu mmoja mmoja, kumbe ni stika imebandikwa juu ya rangi, haikupigwa hata vanishi. Hilo nikalivumilia.

Siku moja nimeshuka kwenye feri upande wa Likoni, mvua imenyesha, nakata kona taratibu kabisa, tairi la mbele likateleza kwenye mafuta nikalala ubavu. Mwendo mdogo, hata suruali haikuchanika. Naangalia mbele naiona helmeti yangu inabingirika barabarani kuelekea kwenye matatu. Kamba ya kidevu bado imefungwa vilevile nilivyoifunga! Kilichong'oka ni ribiti iliyoishika kwenye ganda. Ganda lenyewe limepasuka kutoka sikioni hadi juu. Nikatoa kitambaa cha ndani nione. Pale panapotakiwa kuwa na povu gumu la kupokea kishindo, kuna sponji ya godoro, imekatwa kwa mkasi. Nilimwandikia muuzaji, akanijibu helmeti ile ilikuwa ya pambo. Kwenye tangazo hakuandika hivyo. Kile kichwa kingegonga ukingo wa barabara, hii thread nisingeisoma.

Kwa hiyo kaka, ukinunua chochote cha 93 au cha yeyote, nunua kwa wenye haki ya kuuza. Na ikiwa utabadili mawazo uchukue helmeti, tafuta lebo yenye E ndani ya duara, ya kiwango cha usalama cha ECE 22.06, iliyoshonwa kwenye kamba.

BintiPangani
Pole sana kaka Likoni. Mungu alikuokoa.

FundiMajengo
Pole mkuu. Lakini hata hiyo lebo wanaigushi siku hizi. Bonyeza povu la ndani kwa dole gumba: likibonyea kama mkate, rudisha.

Likoni_Ferry
Asanteni. Fundi, ulibonyeze wapi na limefunikwa kitambaa? Wauzaji wengi hawakuruhusu kutoa.

FundiMajengo
Asiyekuruhusu kutoa kitambaa usinunue kwake. Vitambaa vya helmeti nzuri vinatoka ili vifuliwe.

Mswahili_Muscat
Nawasoma tangu juzi na hakuna aliyemtaja Jorge Martín. Bingwa wa dunia, pikipiki ina namba 1, mbio zake za kwanza za msimu baada ya kuumia kwenye majaribio ya Sepang, Malaysia, na tena mazoezini. Anaanguka kona ya 12, dereva mwingine, Di Giannantonio, anatokea nyuma hana pa kukwepea. Mbavu zimevunjika sehemu 11 na hewa imeingia kifuani. Yuko hospitali hapo hapo Doha. Kabla ya jezi, tumwombee.

Mdigo_Doha
Ni kweli kaka. Sisi tuliona kwenye skrini kubwa, jukwaa zima likakaa kimya. Kijana Mhispania aliyekuwa mbele yangu alivua kofia akaishika kifuani. Amina.

Likoni, naomba radhi kwa kuchelewa, nilikuwa zamu. Mdogo wangu yuko Tanga, ana miaka 34, mtu mzima. Anavaa XL. Ni dereva wa bodaboda barabara ya Raskazone. Bajeti siyo tatizo kubwa ila isizidi mno. Zamani alikuwa haikosi mbio hata moja, chumbani kwake kulikuwa na bango la 46, namba ya Valentino Rossi, ukuta mzima. Rossi alipostaafu 2021 akaacha kutazama. Ndiyo nataka nimrudishe.

BintiPangani
Kaka Mdigo! Hilo ndilo ungeanza nalo!

Mzee_Yamaha
Nimekuwa nikisoma bila kuchangia, sasa imebidi. Kijana, unataka kumpelekea mtu wa 46 jezi ya 93? Mdogo wako amekukosea nini? Wewe hukumbuki Sepang, tarehe 25 Oktoba 2015? Rossi anapigania ubingwa wa kumi, Marc hana chochote cha kugombea, anamzuia kila kona mpaka wanagusana. Rossi anaadhibiwa aanze wa mwisho kule Valencia. Lorenzo, mwenzake wa timu, anachukua ubingwa kwa pointi 5. Pointi tano! Mimi siku ya Valencia sikula.

Kona16
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, Alhamisi ya wiki ile Rossi ndiye aliyekwenda mbele ya waandishi akamtuhumu Marc kwamba alimsaidia Lorenzo kwenye mbio za Phillip Island, Australia. Na Phillip Island Marc alishinda kwa kumpita Lorenzo mzunguko wa mwisho! Anamsaidiaje mtu kwa kumnyang'anya pointi? Sepang Rossi alimtanua Marc hadi nje ya njia yake, akawa anamwangalia. Kijana akaanguka. Adhabu ilikuwa halali.

Mzee_Yamaha
Marahaba. Ulikuwa na miaka mingapi mwaka ule?

Kona16
Miaka haina uhusiano mzee. Mbio zipo, zinarudiwa kuangaliwa.

Mzee_Yamaha
Ina uhusiano. Sisi tuliomfuata tangu 500cc, 2001, akiwa na Honda ya njano, halafu 2004 akahamia Yamaha wote wakamcheka na akashinda mbio ya kwanza tu kule Welkom, Afrika Kusini, tunajua tulinyang'anywa nini.

FundiMajengo
Wazee wangu, Welkom 2004 ile aliketi kando ya pikipiki akaibusu. Naikumbuka. Ila turudi Lusail.

BintiPangani
Turudi ndiyo. Kaka Mdigo, jibu limeshapatikana: Pecco ni kijana wa Rossi. Amelelewa kwenye akademi yake, VR46, anafanya mazoezi kwenye shamba lake Tavullia. Mdogo wako akivaa 63 amevaa mtoto wa 46. Na uendeshaji wa Jumapili ulikuwa wake. Unataka nini tena?

Mswahili_Muscat
Dada, kwa hesabu hiyo Morbidelli ni zaidi. Naye ni wa akademi, tena yuko kwenye timu ya Rossi mwenyewe, jezi ina njano. Jumamosi wa tatu, Jumapili wa tatu, na mwanzoni aliongoza mbio mpaka Marc alipomfikia. Namba 21. Mtu wa 46 akiiona ile njano tu atalia.

Likoni_Ferry
Hii ya Muscat imenikaa. Morbidelli hakupendekezwa na mtu na alimaliza wa tatu siku mbili mfululizo.

Mzee_Yamaha
Hilo naliunga mkono.

FundiMajengo
Morbidelli alishindwa kulinda tairi. Alianza kwa kasi, baadaye akapitwa na wote watatu. Yule kijana wa swali alitaka aliyeendesha vizuri zaidi, siyo anayetoka ukoo mzuri. Nabaki na 12.

BintiPangani
Fundi, Viñales ana pointi 2 za Jumapili ile. Pecco 20. Sasa msimu unasoma Marc 123, Alex 106, Pecco 97. Kwa makosa yote ya Pecco bado yuko pointi 26 nyuma, na ubingwa ni mrefu.

Kona16
Nne kati ya hizo 97 amepewa na presha ya tairi la mwenzake. Na Marc alianguka kwenye mbio za Austin, Marekani, akiwa anaongoza, ndipo Pecco akashinda. Bila pale ungekuwa unahesabu pengo jingine kabisa.

BintiPangani
Kuanguka ni sehemu ya uendeshaji, wewe mwenyewe umesema kuhusu kufuzu. Huwezi kumhesabia Pecco ukamsamehe Marc.

Mdigo_Doha
Nimetoka dukani. Za Ducati nyekundu zipo 93 na 63, XL zipo. Ya Viñales imebaki S. Ya njano ya VR46 hawana kabisa, wana kofia tu. Bei ya 63 na 93 ni ile ile. Nimetoka mikono mitupu, nimewaambia nitarudi.

Mzee_Yamaha
Chukua kofia ya njano.

FundiMajengo
Kofia? Mtu wa XL, bodaboda, jua la Tanga, anahitaji kitambaa mgongoni. Waulize kama wanaweza kuagiza 12 saizi kubwa.

Likoni_Ferry
Likizo lini? Hilo nalo hujasema.

Mdigo_Doha
Mwezi wa sita mwishoni.

Likoni_Ferry
Basi una muda! Tulikuwa tunakimbilia wapi?

BintiPangani
Kama ni mwezi wa sita, subiri mbio za Jerez, Hispania. Tarehe 27 hii, mbio kubwa saa tisa alasiri kwa saa zetu. Pecco ameshinda pale Jumapili tatu mfululizo: 2022, 2023 na 2024.

Kona16
Na 2024 aliyempumulia kisogoni hadi mwisho ni nani? Marc, akiwa na timu ya Gresini, Ducati ya mwaka wa nyuma. Safari hii wana pikipiki sawa.

Mzee_Yamaha
Jerez 2005, kona ya mwisho, Rossi na Gibernau. Kaziangalieni hizo kwanza ndipo mje kunifundisha kugusana.

Kona16
Mzee, hapo umenipa mfano wangu mwenyewe! Rossi alimgonga Gibernau bega kwa bega akamtoa nje na akashinda. Kwa nini ile ni ushujaa na ya Marc ni uhuni?

Mzee_Yamaha
Kwa sababu ile ilikuwa kona ya mwisho ya kuwania ushindi. Nitakuandikia kwa urefu usiku, sasa hivi kuna msiba jirani.