Naomba ushauri: utafiti wa vipimo vya eksirei za kifundo cha mkono na ufundishaji wa wanafunzi, wapi patavunjika?

Rezidenti_Upanga
Wakuu, habari za jioni. Nasomea ubingwa wa mifupa hapa Dar, naandaa pendekezo la utafiti. Naomba mlichambue bila huruma kabla halijafika kwa msimamizi.

Wagonjwa waliovunjika mwisho wa chini wa mfupa wa rediasi (ule wa kigasha upande wa kidole gumba) ni wengi, na uamuzi wa kumfunga mtu hogo au kumpeleka tiata unategemea sana vipimo vya kwenye eksirei: mteremko wa uso wa kiungo, urefu wa rediasi, na mwinamo wa kuelekea kiganjani. Nataka kujua mambo mawili. Kwanza, je, wasomaji tofauti wanapata vipimo vinavyokubaliana? Pili, wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano wakipima wenyewe na kusahihishwa papo hapo, wanajifunza zaidi kuliko wakisikiliza mhadhara?

Mpango wangu: picha 200, nipime mimi na mwenzangu mmoja, tutafute uwiano wa Pearson. Halafu wanafunzi kundi A wapate mhadhara, kundi B mazoezi, mtihani siku hiyohiyo. Picha nitawatumia kwa WhatsApp. Naombeni mawazo.

Takwimu_Mezani
Mkuu, Pearson itoe kabisa. Pearson inauliza kama namba za watu wawili zinapanda na kushuka pamoja, haiulizi kama zinalingana. Mwenzako akisoma nyuzi 5 zaidi yako kwenye kila picha, Pearson itakupa 1.0 kamili huku hamjakubaliana hata kwenye picha moja. Na hizo nyuzi 5 zinatosha kumhamisha mgonjwa kutoka hogo kwenda tiata.

Tumia ICC (kipimo cha jinsi namba za wasomaji zinavyokubaliana), na uandike ni ipi: modeli ya pande mbili yenye wasomaji wa nasibu, ukubaliano kamili, msomaji mmoja mmoja. Usipoandika, mtahini atauliza, na atakuwa na haki, kwa sababu ICC ya "uthabiti" hufumbia macho ile tofauti ya nyuzi 5. Tafsiri ya Koo na Li ya 2016 ndiyo inayotumika sana: chini ya 0.5 ni dhaifu, 0.5 hadi 0.75 wastani, 0.75 hadi 0.9 nzuri, juu ya 0.9 bora. Soma mpaka wa chini wa uhakika wa 95%, usishangilie namba ya katikati.

ICC peke yake haitoshi, kwa sababu inategemea picha zenyewe zimetofautiana kiasi gani. Ukijaza sampuli na mivunjiko inayofanana, itashuka hata kama makosa ya wasomaji ni madogo. Kwa hiyo ongeza Bland-Altman: wastani wa tofauti zenu, kisha mipaka ya wastani huo kuongeza na kutoa 1.96 mara mkengeuko sanifu (kiasi tofauti hizo zinavyotawanyika). Jibu linatoka kwa nyuzi na milimita, lugha anayoielewa daktari wa mifupa.

Picha 200 ni nyingi kuliko unavyohitaji kwa swali hilo. Kwa fomula ya Bonett ya 2002, ukitarajia ICC ya 0.8 na mipaka ya uhakika yenye upana usiozidi 0.2, wasomaji wawili wanahitaji picha 51, watatu wanahitaji 36. Ukishusha matarajio hadi 0.7 kwa wasomaji watatu, inakuwa 68. Ningechukua wasomaji watatu na picha 70. Nguvu iliyobaki ipeleke kwenye kusoma mara ya pili: angalau wiki 2 baadaye, mpangilio wa picha umechanganywa upya, na hakuna anayeona majibu yake ya kwanza. Picha 20 hadi 25 kwa kikao zinatosha, macho yakichoka namba zinaharibika.

Mgonjwa mmoja ahesabiwe mara moja. Usiweke picha ya kabla na ya baada ya kuvuta mfupa urudi mahali pake za mtu yuleyule ukazihesabu kama mbili.

MpigaPicha_Temeke
Dokta, mimi nasimama kwenye ubora wa picha. WhatsApp hapana. Inabana picha na kutupa taarifa zote za DICOM (muundo wa faili la picha za hospitali), ikiwemo ukubwa wa kila nukta. Pembe utaweza kupima, lakini milimita hutakuwa nazo. Mbaya zaidi ni zile zilizopigwa kwa simu kutoka kwenye filamu iliyobandikwa kwenye boksi la taa. Simu ikiinama kidogo hata pembe zenyewe zinapinda. Wagonjwa wa rufaa wengi huja na picha za namna hiyo. Weka wazi kwenye vigezo vyako kwamba haziingii.

Ukuzaji hauna shida kubwa kwa kifundo cha mkono kama watu wanavyohofia. Mashine ikiwa sentimita 100 kutoka kwenye kipokezi na mfupa uko sentimita 2 juu yake, picha inakua kwa takriban 2%. Ukiwa na plasta nene na mfupa ukanyanyuka hadi sentimita 5, inafika takriban 5%, yaani milimita 12 zinasomeka 12.6.

Kinachoua utafiti wa namna hii ni picha ya ubavu iliyozunguka. Ubavu wa kweli unautambua hivi: ukingo wa mbele wa kimfupa cha pisifomu unakaa katikati, kati ya ukingo wa mbele wa skafoidi upande wa vidole na ukingo wa mbele wa kapiteti (zote tatu ni mifupa midogo ya kifundo). Ukiukuta nje ya nafasi hiyo, mkono umezunguka, na mwinamo unaoupima ni wa mzunguko pamoja na mvunjiko. Weka kisanduku kwenye fomu: ubavu wa kweli, ndiyo au hapana. Usizitupe za "hapana" kimyakimya. Ripoti idadi yake, kisha chambua mara mbili, nazo zikiwemo na zikitolewa.

Jina la mgonjwa halikai sehemu moja. Liko kwenye kichwa cha faili la DICOM, na mara nyingi limechomwa pembeni mwa picha yenyewe. Programu nyingi za kufuta taarifa zinasafisha kichwa tu, maandishi ya pembeni yafunike kwa mkono na mtu wa pili akague faili moja moja. Kupimia, Weasis ni ya bure na inasoma DICOM vizuri, ImageJ pia.

Bingwa_Kifundo
Waliotangulia wamesema vizuri. Ila mdogo wangu, hujaandika utapimaje, na humo ndimo wasomaji wanapoachana. Andika ukurasa mmoja wenye mchoro:

Mhimili wa mfupa kwanza. Weka alama katikati ya shafti (sehemu ndefu ya mfupa) sehemu mbili, mfano sentimita 3 na sentimita 5 kutoka kwenye kiungo, kisha uziunganishe kwa mstari. Usiruhusu mtu akadirie kwa jicho. Kwenye picha fupi isiyoonyesha shafti ya kutosha, mhimili unayumba na kila kipimo kinayumba nao.

Mteremko: picha ya mbele, mstari kutoka ncha ya rediasi hadi kona ya uso wa kiungo upande wa alna (mfupa wa upande wa kidole kidogo), dhidi ya mstari ulio wima kwa mhimili, yaani unaoukata kwa nyuzi 90. Kawaida ni nyuzi 22 hivi. Kona hiyo ya upande wa alna ina kingo mbili, ya mbele na ya nyuma, na mfupa ukiwa umelala nyuma kingo hizo zinaachana kwenye picha. Mmoja anachukua ya mbele, mwingine ya nyuma, na mnaanza kugombana kwa namba. Kubalianeni mchukue nukta ya katikati ya kingo hizo mbili.

Urefu: milimita kati ya mistari miwili iliyo wima kwa mhimili, mmoja kwenye ncha ya rediasi, wa pili kwenye nukta hiyohiyo ya katikati. Kawaida ni kama milimita 11 au 12. Wapo wanaoshusha mstari wa pili kwenye kichwa cha alna, na hicho ni kipimo kingine. Chagua kimoja.

Mwinamo: picha ya ubavu, kawaida nyuzi 11 kuelekea kiganjani. Andika alama ya kutoa kwa mfupa uliolala nyuma, maana mtu akiandika 10 bila alama hutajua ni upande gani.

Kuhusu uamuzi wa tiata, mipaka inayotumika sana baada ya kuvuta mfupa ni hii: umefupika zaidi ya milimita 3, umelala nyuma zaidi ya nyuzi 10, au kuna ngazi (vipande visivyokaa usawa) ya zaidi ya milimita 2 ndani ya kiungo. Sasa iweke Bland-Altman ya Takwimu_Mezani kando ya mipaka hiyo. Mipaka yenu ya ukubaliano ikitoka nyuzi 6 kila upande, basi mgonjwa uliyemsoma nyuzi 7 nyuma hujui kama amevuka 10 au la. Hiyo ndiyo sentensi ambayo hospitali itaitumia kutoka kwenye kazi yako, iweke kwenye malengo tangu mwanzo.

Mwalimu_Kliniki
Kwenye sehemu ya wanafunzi, mtihani wa siku hiyohiyo unapima kumbukumbu ya mchana mmoja. Weka mitihani mitatu: kabla, mara tu baada, na wiki 6 baadaye. Picha ziwe mpya kila mara lakini zenye ugumu unaolingana, na ziwemo za mifupa mizima, la sivyo mwanafunzi anajua kila picha imevunjika.

Muda wa makundi ulingane. Mhadhara wa dakika 40 dhidi ya mazoezi ya saa mbili haujibu swali la njia ipi ni bora, unajibu ni nani aliyekaa muda mrefu zaidi. Picha za kufundishia nazo ziwe zilezile kwa makundi yote mawili.

Wagawe mmoja mmoja kwa bahati nasibu, kwa bahasha zisizopenyeza mwanga zilizofungwa na kupewa namba. Ukigawa kwa makundi ya mzunguko wa wodi, sampuli inapanda: kundi la watu 10 lenye uwiano wa ndani (kiasi watu wa kundi moja wanavyofanana) wa 0.05 linakulazimisha uzidishe kwa 1.45. Na fanya siku moja, vyumba viwili, kwa sababu wanaishi hosteli moja na wana grupu moja la WhatsApp. Kundi A lipewe mazoezi baada ya mtihani wa mwisho, ili asikose mtu.

Kipimo kikuu kiwe kosa halisi: tofauti kati ya jibu la mwanafunzi na jibu la rejea, kwa nyuzi, bila kujali alama ya kutoa au kujumlisha. Rejea itoke kwa mabingwa wawili wanaopima bila kuonana. Wakipishana zaidi ya nyuzi 5 au milimita 2, wa tatu anaamua. Ukitarajia tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu, unahitaji wanafunzi 64 kila kundi kwa nguvu ya 80%, yaani uwezekano wa kuigundua tofauti hiyo kama ipo. Ya 0.8 inahitaji 26 tu, lakini usichague 0.8 kwa sababu ni rahisi. Ongeza watakaokosa mtihani wa wiki ya 6.

Ridhaa asiichukue mwalimu anayewasahihisha, na alama zisiingie kwenye matokeo yao ya darasa. Kamati ya maadili itakurudisha kwa hilo tu.

Rezidenti_Upanga
Asanteni sana wakuu. Nimebaki na moja: uamuzi wenyewe wa hogo au tiata, nikitoa asilimia ya kukubaliana inatosha?

Takwimu_Mezani
Haitoshi. Chukua picha 100. Wote wawili wanasema tiata kwenye 2, wote wanasema hogo kwenye 90, wanapishana kwenye 8, nne kila upande. Kukubaliana ni 92%. Lakini kila mmoja anasema tiata mara 6 tu kati ya 100, kwa hiyo hata wakibahatisha kwa viwango hivyo watakubaliana 88.7%. Kapa ya Cohen, yaani ukubaliano baada ya kuondoa ule wa kubahatisha, inatoka 0.29. Sasa gawa sawa, 46 tiata na 46 hogo, wanapishana palepale 8: kukubaliana bado 92%, kapa inaruka hadi 0.84. Ripoti vyote viwili pamoja na jedwali lenyewe, na uchague picha ili tiata isiwe nadra. Kwa wasomaji watatu tumia kapa ya Fleiss.

MpigaPicha_Temeke
Na vibali anza sasa: cha maadili cha chuo, kisha barua ya hospitali. Kwa picha za zamani omba msamaha wa ridhaa ya mgonjwa mmoja mmoja, ukieleza unavyofuta utambulisho. Ukipanga kuhifadhi picha kwenye seva ya nje ya nchi, soma kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Bingwa_Kifundo
Kabla ya yote, wasomaji watatu wapime picha 10 za majaribio kwa ule ukurasa wa maelekezo, kisha mkae pamoja muangalie zile mlizopishana zaidi ya nyuzi 5, kila mtu aonyeshe alama zake alikoziweka. Rekebisheni maelekezo, mpime 10 nyingine. Hizo 20 zisiingie kwenye zile 70.