Kanisa dogo la Bradwell: kwa nini viraka ukutani havikufichwa?

Neema_Essex

Wakuu, habari zenu. Naishi Uingereza, huku Essex, na juzi nimetembelea kikanisa cha St Peter-on-the-Wall, Bradwell-on-Sea. Gari unaliacha mbali, unamalizia kwa miguu katikati ya mashamba mpaka ulikute jengo refu limesimama peke yake, nyuma yake bahari. Inasemwa lilijengwa karibu mwaka 654. Nimelipenda mno.

Ila kuna jambo limenisumbua. Kuta zote mbili za ubavuni zina viraka vikubwa vya mawe yasiyofanana na mengine. Ukuta wa mashariki nao unaonyesha waziwazi matao ya matofali yaliyokatika. Nimesoma kwamba lilikarabatiwa mwaka 1920. Hao waliokarabati walishindwa kulinganisha mawe? Na mbona hawakuijenga upya ile sehemu ya mashariki iliyobomoka? Mwenye ujuzi naomba anifafanulie.

Fundi_Chokaa

Dada Neema, hawakushindwa. Hivyo viraka ndivyo ninavyovipenda kuliko kitu kingine chochote pale. Kazi yangu ni kukarabati kuta za kale, mawe na chokaa, huku huku Uingereza, kwa hiyo nikifika mahali naanza na ukuta, kibao cha maelezo baadaye.

Ulichokiona ni milango. Kwa muda mrefu sana jengo lile lilikuwa ghala la shamba, na wenye shamba walitoboa kuta za ubavuni ili mikokoteni ya mazao iweze kuingia. Ukisimama mbele ya kiraka, fuata ukingo wake kwa jicho kuanzia chini. Mawe ya kale yamepangwa ovyo ovyo yakichanganyika na vipande vyekundu vya matofali ya Kirumi, kisha yanakoma ghafla kwenye mstari ulionyooka. Kuanzia hapo ni mkono mwingine kabisa.

Watu husikitika wakisikia nyumba ya ibada iligeuzwa ghala. Mimi naamini ghala ndilo lililoliokoa. Mkulima hawezi kuacha paa livuje juu ya nafaka yake, na jengo la mawe likishapata paa zima, nusu ya vita imekwisha. Litazame kanisa la Reculver, ng'ambo kule Kent. Nalo lilianzishwa karne hiyo hiyo, mwaka 669, ndani ya ngome ya Kirumi vile vile. Liliendelea kuwa kanisa miaka yote, waumini wakasali humo mpaka bahari ilipolisogelea, na mwaka 1805 sehemu kubwa ikabomolewa. Minara miwili iliachwa kwa sababu mabaharia waliitumia kama alama. Nguzo mbili za lile tao zuri la ndani leo ziko Canterbury. Bradwell hakuna aliyelikumbuka, likabaki na kuta zake.

Sasa wale mafundi wa 1920 wangeweza kuziba milango ile kwa ustadi kiasi kwamba usingeitambua. Wangefanya hivyo, historia yote ya ghala ingekuwa hadithi ya kusimuliwa tu, bila ushahidi wa macho. Karne ya 19 makanisa mengi ya huku yalikwanguliwa na kujengwa upya kwa jina la ukarabati, mpaka William Morris na wenzake mwaka 1877 wakaanzisha jumuiya ya kutetea majengo ya kale: ziba panapovuja, egemeza panapoinama, usibuni. Mimi nimelelewa kikazi katika msimamo huo na sitauacha.

Kuhusu upande wa mashariki: umbo lake chini linajulikana, lilikuwa nusu duara, na limewekewa alama ardhini nje. Lakini kwenda juu lilikuwaje? Hata yale matao yaliyokatika, wako wanaosema yalikuwa mawili na wanaosema matatu. Ukijenga hapo unajenga mawazo yako, halafu mgeni anayapiga picha akidhani ni ya mwaka 654.

Mwalimu_Mstaafu

Asante sana Fundi. Niongeze kidogo kuhusu aliyelijenga. Cedd alikuwa mtawa kutoka Lindisfarne, kaskazini, akatumwa kwa Wasaksoni wa Mashariki, yaani watu wa Essex, wakati wa mfalme Sigeberht. Beda, mtawa mwanahistoria aliyemaliza historia yake mwaka 731, anaitaja Ythancaestir (jina la kale la hapo Bradwell) kama mojawapo ya sehemu mbili ambako Cedd alikusanya waumini wengi. Anaeleza pia kwamba kanisa la Lindisfarne la enzi hizo lilijengwa kwa mbao za mwaloni na kuezekwa matete. Kwa hiyo mtu aliyezoea makanisa ya mbao alifika Bradwell akakuta ngome ya Warumi imeachwa na mawe tele, akajenga juu ya mstari wa ukuta wake. Jina la "on-the-Wall", yaani "juu ya ukuta", limetokana na hapo.

Cedd alifariki kwa tauni mwaka 664 huko Lastingham, kwenye monasteri yake ya kaskazini. Watawa wapatao 30 wa Essex waliposikia, walisafiri kwenda kuishi karibu na kaburi lake, na tauni ikawaua wote isipokuwa mtoto mmoja. Mtoto yule baadaye aligundulika kuwa hakuwahi kubatizwa, akabatizwa, akawa padri. Kila nikiisoma habari hiyo huwaza njia waliyopita. Madhabahu ya sasa, ya mwaka 1985, ina mawe matatu: la Lindisfarne, la Iona (kisiwa cha Uskoti chenye monasteri ya kale) na la Lastingham.

Neema_Essex

Mwalimu, Fundi, Mungu awabariki. Hayo mawe matatu niliyaona bila kujua ni nini! Swali la mwisho: sehemu nyingine nilipogusa maungio yalikuwa laini, chembe zikabaki kidoleni. Kwa upepo ule wa bahari, si wangepiga saruji tu?

Fundi_Chokaa

Hapana dada, usiwape wazo hilo! Ukuta wa namna ile unanyonya maji ya mvua na lazima uyatoe. Chokaa inayapitisha, yanakaukia kwenye maungio, na chumvi inatokea hapo hapo. Maungio yakichakaa unayakwangua na kujaza mapya. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi maji, kwa hiyo unyevu unatafuta njia kupitia kwenye jiwe na tofali. Baridi ikija, maji yanaganda humo na uso wa tofali unabanduka. Nimewahi kuitwa kwenye ukuta uliopigwa saruji na fundi mwingine: saruji imesimama nzima, matofali yamebonyea nyuma yake.

Chokaa inadai subira. Tunafanya miezi ya joto, tunalowesha mawe kwanza, tukimaliza tunatundika magunia mabichi juu ya kazi ili isikaukie jua na upepo, na kuyarudia kuyanyunyizia. Ikipigwa na barafu kabla haijakomaa, inadondoka yote.

Na ukirudi pale, maungio uyaangalie tu, usiyaguse.