Naomba ushauri: yale maji ya Kayabwe

Wakuu, habari za leo. Wanaopita barabara ya Kampala kwenda Masaka wanapajua Kayabwe, pale kwenye mstari wa ikweta. Kuna vijana wenye mabeseni yaliyotobolewa chini. Upande wa kaskazini kijana anamimina maji, anadondosha ua dogo, linazunguka upande mmoja. Anahamia kusini, hatua chache tu, ua linazunguka kinyume. Juu ya mstari wenyewe maji yanashuka moja kwa moja. Watu wanapiga makofi na kutoa pesa, na mimi nimo.

Sasa mpwa wangu anataka kulipeleka onyesho hilo shuleni kama sayansi. Ninavyojua, mzunguko wa dunia hupindisha vimbunga vikubwa, lakini ndani ya beseni nguvu yake ni ndogo mno, tena karibu na ikweta ndiyo inakaribia sifuri kabisa. Mwaka 1962 mtaalamu Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, aliionyesha nguvu hiyo, ila kwa tangi la upana wa karibu mita 1.8, na maji yaliachwa yatulie saa 24! Nashuku siri ya Kayabwe iko kwenye mkono unaomimina.

Walimu, nisaidieni. Nyumbani tuna beseni la plastiki na jagi. Tumimine vipi ili tupate mzunguko wa kulia na wa kushoto kwa makusudi, mbele ya darasa? Na mpwa wangu akifichua mchezo wote wa vijana wa Kayabwe, si tutakuwa tumewatilia wenzetu mchanga kwenye kitumbua?