Madalali wa Tanga, acheni kuuza RAV4 na X-Trail za kuvuta mbele tu kwa jina la 4WD (za kuvuta tairi zote nne)!

Wakuu, hili limefika pabaya na kunyamaza ni kuwasaidia wanaolifanya. Mtu anatafuta SUV ndogo ya kupanda nayo Amani na Mtae, au ya kwenda kupiga kambi Saadani. Anakuta tangazo: "4WD, halina tatizo lolote". Analipa mamilioni yake. Masika yakiingia, udongo mwekundu wa Usambara unalainika, tairi za mbele zinazunguka bure na za nyuma zimelala tu. Pembeni ni korongo. Huu ni wizi unaoweza kuua.

Na wanajua, kwa sababu kibati chenye namba ya modeli kipo kwenye gari lenyewe. RAV4 ya milango mitano ya 2000 hadi 2005 ikiandikwa ACA21W ni 4WD yenye injini ya 2.0. Ikiandikwa ZCA26W inavuta mbele tu, injini 1.8. Bodi ni ile ile, ndiyo maana wanapata mwanya. Toleo lililofuata, ACA31W ni 4WD, ACA36W siyo. Kwa X-Trail tafuta herufi N kabla ya T: NT30, NT31. Dalali anayesema "sijui hizo namba" huku anauza magari kila wiki anakudanganya mchana kweupe.

Kibati pekee hakitoshi, na hapa ndipo hasira inazidi. Kuna X-Trail na CR-V zilizotoka kiwandani na 4WD kamili, difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa tairi za nyuma) ikaanza kulia, badala ya kutengenezwa propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) ikafunguliwa na kutupwa. Gari linaendelea kutembea kwa tairi za mbele na barabarani hutaona tofauti. Kwa hiyo pandisha gari kwenye shimo la gereji, uone kwa macho propela kutoka gia boksi hadi difu ya nyuma. Kisha peleka gari kwenye mchanga. Kwa X-Trail weka swichi kwenye LOCK, ondoka taratibu, mwenzako asimame pembeni aangalie tairi za nyuma kama zinasukuma.

RAV4 ya zamani ina viskasi kapolingi katikati, kiungo chenye mafuta mazito kinachounganisha mzunguko wa mbele na wa nyuma. Ikifungwa tairi mpya mbele na zilizolika nyuma, mizunguko inapishana, kapolingi inafanya kazi muda wote, inachemka na kukamata. Kata kona usukani mpaka mwisho, mwendo wa kinyonga, kwenye sakafu ngumu: gari likisita na kurukaruka kama limeshikwa breki, kapolingi imekwenda. Tairi zote nne ziwe saizi moja na uchakavu unaolingana. Soma na tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyo ubavuni mwa tairi inayoonyesha lilitengenezwa lini: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kutu nayo inafichwa kwa makusudi. Magari yanayoshinda Pangani na fukwe za Ushongo hula chumvi, halafu kabla ya kuuzwa yanapakwa dawa nyeusi chini yote mpaka yanang'aa. Gari kuukuu lenye tumbo jipya litilie shaka. Gonga kwa bisibisi kwenye krosimemba (chuma cha kukingama chini ya gari), mikono ya chini inayoshika tairi na kwenye mabomba ya breki. Pitisha sumaku kwenye matao ya tairi za nyuma. Isiponasa, chini ya rangi pana puti.

Magari yaliyoinuliwa kwa spesa (vipande vinavyowekwa juu ya springi) yana ubaya wake: sivi jointi, viungo vinavyozungusha tairi, zinakaa kwa pembe kali, buti (mipira inayozifunika) zinapasuka, grisi inamwagika, kisha ukikata kona unasikia ta-ta-ta.

X-Trail NT31 yenye CVT (gia otomatiki ya mkanda) usiijaribu mjini tu, Tanga mjini ni tambarare. Mpando wa Mombo kwenda Lushoto ndio unaosema ukweli: oili ikichemka gari linakata nguvu. Oili yake ni NS-2. Aliyemimina hidroliki ya kawaida, ile ya gia otomatiki nyingine, ameshaiua.

Kwa njia mbaya kweli, Suzuki Escudo TD54W ndiyo ya maana hapa, ina gia nzito ya nguvu kwa mwendo mdogo, 4L. Simamisha gari, gia N, zungusha swichi. Taa ya 4L ikipepesa bila kutulia, mota ya kubadilisha au waya wake una kasoro, na muuzaji akikuambia "ni sensa tu" ajue tumeshamjua.

Kilomita mwachie mwenyewe, wengi wamezirudisha nyuma. Omba karatasi ya mnada ya Japani, alama R ni gari lililogongwa likatengenezwa.

Wauzaji, tunachotaka ni viwili: picha ya kibati na picha ya chini ya gari kwenye kila tangazo linalosema 4WD. Wenye namba za modeli za CR-V na Forester zimwageni hapa chini, tukusanye zote pamoja.