Chanjo ya gono inayokinga theluthi tu: tuidai au tusubiri?

Wakuu, salaam.

Tangu Agosti 2025 kliniki za magonjwa ya zinaa kule England zinachanja watu dhidi ya kisonono. Chanjo yenyewe, 4CMenB, ilitengenezwa kwa ajili ya homa ya uti wa mgongo kundi B. Bakteria wa magonjwa haya mawili ni ndugu wa karibu mno, kwa hiyo kinga ya mmoja inamgusa na mwenzake. Hilo lilionekana New Zealand: takriban watu milioni moja walichanjwa kuanzia 2004 kwa chanjo ya jamii hiyo, na utafiti wa 2017 ukakuta imepunguza gono kwa kama asilimia 31.

Kuna wanaotaka nasi Afrika Mashariki tuidai. Mimi napinga, kwa sasa. England wanapima, ndiyo maana wanajua 2023 walikuwa na wagonjwa zaidi ya 85,000, na wanajua wamchanje nani. Huku ukifika zahanati unatoa usaha, unatibiwa kwa dalili, vipimo hamna. Mwanamke mwenye gono mara nyingi haoni dalili yoyote, anarudi nyumbani nayo. Tutamchanja nani na hatujui uko wapi ugonjwa? Hela hiyo inunue vipimo kwanza.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Mleta mada, theluthi unaidharau kwa sababu hujakaa na mtu aliyeziba mirija ya uzazi kwa gono anazunguka kwa waganga kutafuta mtoto. Na dawa za gono zinatuishia: penisilini ilishindwa, tetrasaiklini ikafuata, sipro nayo ikaenda. Tumebaki kutegemea sindano ya ceftriaxone, na huko Asia usugu umeshaanza kuonekana. Halafu gono ukipona leo, kesho unaipata tena, mwili haujifunzi. Vipimo sawa, lakini kipimo hakizuii mtu kuambukizwa.

*Mchangiaji wa pili:*
Mimi ni muuguzi. Tulipoanza chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka 14, mwaka 2018, wazazi walituuliza kama tunawafunga kizazi. Sasa nimwambie mtu aje hadharani achanjwe gono? Tuiite chanjo ya uti wa mgongo, yaishe.

*Mleta mada:*
Dada muuguzi, hapo hapana. Siku watu wakijua tumewazunguka, hata ya surua wataikataa. Na uti wa mgongo wa kundi B kwetu ni nadra, ukanda wa Sahel unasumbuliwa na makundi mengine. Tungekuwa tunadanganya mara mbili.

Mkuu wa kwanza, la mirija umenishika, silipingi. Ila Wafaransa nao waliijaribu chanjo hiyohiyo, na tofauti waliyoipata haikutosha kuthibitisha kwamba ni kazi ya chanjo.

*Mchangiaji wa tatu:*
Mnakwepa jambo moja. England wanawalenga zaidi wanaume wanaolala na wanaume. Huku mtu huyo akijiandikisha kliniki ni kama amejipeleka polisi mwenyewe. Hata chanjo ikija ya asilimia 90, nani atapanga foleni?

*Mchangiaji wa kwanza:*
Basi waanze wanawake wanaouza miili. Kliniki zao za VVU zipo tayari, na dozi ni mbili tu.

*Mleta mada:*
Hao nakubali. Ila wapimwe siku hiyohiyo wanayochanjwa.