Tunaishi pembeni ya ziwa Florida, kimbunga kinakuja, ninunue jenereta ipi?

Mama_Wawili: Wakuu habari zenu. Niko Marekani, hapa Belle Glade kando ya ziwa Okeechobee. Kimbunga kinatajwa wiki ijayo, usingizi sipati, mama yangu mzazi anatumia mashine ya oksijeni na umeme ukikatika sijui itakuwaje. Jenereta ya mashine pamoja na friji iwe ya ukubwa gani? Kuhama sitaki, bahari iko mbali.

FundiUmeme: Soma wati kwenye kibandiko cha mashine. Na jenereta usiiwashie ndani wala barazani, moshi wake unaua watu wamelala. Huku Tabata kipindi cha mgao jirani aliiweka koridoni, watoto tuliwatoa wamelegea.

Mzee wa Mwaloni: Dada, bahari kuwa mbali si hoja. Ziwa lile ni pana ila kina chake kama mita 3 tu, upepo unayasukuma maji yote upande mmoja. Mwaka 1928 tuta la udongo lilipasuka usiku wakafa watu wasiopungua 2,500, wengi vibarua weusi wa mashambani hukohuko kwenu. Nyumba yako ni ya aina gani?

Mama_Wawili: Ya kawaida tu mkuu. Na tuta la sasa limekarabatiwa, walimaliza 2023.

Mzee wa Mwaloni: Kawaida ipi, ya tofali?

Mama_Wawili: Ni trela, zile nyumba nyepesi za kuhamishika. Lakini imefungwa chini kwa mikanda ya chuma, jenereta nimeshatoa advansi, na bima ya nyumba ninayo.

Nesi_Tampa: Hapo ndipo penyewe! Watu wa trela huambiwa watoke kwanza, hata kimbunga kiwe kidogo. Bima ya nyumba hailipi mafuriko, na ya mafuriko ukikata leo kwa kawaida inaanza baada ya siku 30.

Mcha_Mungu: Mzazi anapumulia mashine wewe unawaza friji. Mungu anakuona.

Kijana_Nyamagana: Chai hii. Nimezaliwa Mwanza, kimbunga ziwani tangu lini?

Mzee wa Mwaloni: Mwanza iko jirani na ikweta, vimbunga vya namna hiyo havifiki. Hata Hidaya 2024 iliishia pwani, Mafia huko.

Mama_Wawili: Nitunge ili nipate nini? Mama yuko hapa pembeni yangu anakohoa. Shelta, yale majengo ya kukimbilia, zinajaa watu, ataweza kweli?

Nesi_Tampa: Kuna shelta za wagonjwa zenye umeme wa dharura. Mwandikishe kaunti leo, usingoje upepo uanze, na wewe uende naye, wanataka mgonjwa aje na mtu wa kumhudumia. Beba mashine, waya zake na dawa zote.

Mama_Wawili: Na advansi yangu?

FundiUmeme: Nenda na risiti dukani kabla hawajafunga.