Wauzaji wa pikipiki kubwa za mtumba Dar es Salaam, betri mpya si dawa ya koili iliyoungua

Wakuu, salaam. Naleta malalamiko haya hapa kwa sababu muuzaji niliyemfuata kwa adabu, tena kwa maandishi, amenijibu kwa dharau, na kwa sababu najua wapo wengine wanaojikusanya wanunue Yamaha Drag Star, Virago au Honda Steed iliyotumika Japani, ambao kesho watasimamishwa mbele ya pikipiki iliyong'arishwa kwa mtindo uleule.

Niliyouziwa mimi huko Kinondoni ni Drag Star 400. Kromu inameta, tangi limepigwa rangi upya, tairi zimepakwa dawa hadi zikawa nyeusi kama zimetoka dukani. Nilimwuliza muuzaji mbele ya shahidi kama mfumo wa kuchaji unafanya kazi. Akaapa kwamba unafanya kazi, akanionyesha betri mpya kabisa, akabonyeza stata na injini ikawaka papo hapo, kisha akatia saini mkataba wa mauzo unaosema kwamba chombo hakina tatizo lolote la umeme wala la injini. Hapo ndipo ulaghai wote ulipo. Betri mpya iliyojazwa chaji inaweza kuwasha pikipiki na kuiendesha kwa muda mrefu hata kama injini haizalishi umeme kabisa, na kwa hiyo betri ile haikuwekwa kwa hisani, bali iliwekwa ili ifiche ugonjwa mpaka fedha ziwe zimekwisha kuhesabiwa.

Ugonjwa ulijitokeza jioni, kwenye foleni ya Ubungo. Taa kubwa ilianza kufifia ikawa ya manjano, indiketa zikagoma kupepesa, na injini ikazima katikati ya magari huku daladala zikinipigia honi nyuma yangu. Fundi umeme alipoweka mita kwenye betri iliyokwisha kuchajiwa tena, akawasha injini na kuongeza resi, kipimo hakikupanda hata kidogo. Pikipiki yenye afya husoma kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi resi ikipandishwa. Yangu ilianzia 12 na pointi zake na kuendelea kushuka. Tulifungua kava la kushoto la injini tukakuta koili, yaani zile nyaya zilizosukwa zinazozalisha umeme wa kuchaji betri, zimeungua na kuwa nyeusi tii. Kilichonipandisha hasira zaidi ni ukingo wa kava lenyewe: lilikuwa limebandikwa kwa silikoni mpya, safi, isiyo na doa la oili, ilhali sehemu nyingine zote za injini upande ule zina uchafu wa miaka. Yaani kuna mtu alifungua pale kabla yangu, akaona nilichokiona, akafunga. Soketi ya regyuleta, kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye betri, nayo ilikuwa imeyeyuka, na waya wake umesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa kipande cha mfuko wa plastiki (sijui aliupata wapi, maana mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019).

Sevisi aliyojisifia nayo ni hadithi. Alimwaga oili ya gari kwenye injini ambayo klachi yake inafanya kazi ndani ya oili hiyohiyo, ndiyo maana klachi ilikuwa inateleza kila nikipanda mlima; pikipiki za namna hii zinataka oili yenye alama ya JASO MA, yaani kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki zenye klachi ya namna hiyo. Pikipiki hii haina cheni, inazungushwa kwa shafti, na gia ya nyuma ina oili yake ya peke yake, ambayo tulipoifungulia ilitoka nzito kama uji. Tairi alizoniapia kuwa ni mpya, baada ya dawa kufutika, zilionyesha tarakimu 1811 mwishoni mwa alama ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2011. Na hiyo ya nyuma ni 170/80 ya rimu 15, saizi ambayo huipati kirahisi katika maduka ya Kariakoo yaliyojaa tairi za bodaboda.

Jibu lake nilipompelekea picha za koili ni kwamba mtumba ni mtumba, bosi. Sikubali. Mtumba maana yake chombo kimechakaa, na uchakavu nilikubali kuulipia. Kuficha kwa makusudi jambo unalolijua, ili mwenzako aingie kwenye mkataba, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inalihesabu kuwa ni udanganyifu, na mkataba wa namna hiyo aliyedanganywa anaweza kuukataa.

Ninachomdai ni gharama ya koili, regyuleta na tairi mbili, na akikataa nitampelekea barua ya wakili pamoja na picha za ile silikoni. Wakati huohuo, mwenye kumfahamu fundi wa kusuka upya koili za pikipiki kubwa hapa jijini anielekeze. Mafundi niliowaona Gerezani wamezoea mota za pampu za maji, na koili hii inakaa kwenye oili ya moto, kwa hiyo varnishi ya kawaida ya kukinga nyaya haitadumu.